"Iko kwenye damu": biolojia tuliyosoma na maneno ya Kwa Sadala

Ukikaa stendi ya Kwa Sadala siku moja tu, kuna maneno matatu utayasikia mara kadhaa: iko kwenye damu. Pale ni njiapanda ya barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha. Watu wa Masama wanashuka na ndizi, watu wa tambarare ya Rundugai wanapanda na mahindi na mboga, na wote wanasubiri gari. Watu wanaosubiri gari huongea. Mtoto ana meno ya kahawia? Ukoo wao ndivyo walivyo. Kijana amepanda mlima mara ishirini na hajawahi kurudishwa kwa machela? Wachaga wana damu ya mlima. Mtoto wa jirani anaumwa viungo kila mara, analazwa, anaongezewa damu? Hapo sauti inashuka kidogo na kidole kinaelekezwa kwa mama yake: kwao kuna ugonjwa. Hata mkahawa uliokufa na magonjwa unapewa maelezo ya aina hiyo hiyo: mbegu yake imechoka.

Sisi tuliosoma PCB au CBG tulikaa miaka miwili tukijifunza kutenganisha mambo hayo. Tulisoma fiziolojia, tukasoma jenetiki, tukapasua panya, chura na mende. Tunajua kipi kinarithiwa, kipi kinatoka kwenye mazingira, na kipi mwili unakitengeneza wenyewe ukilazimika. Lakini tukishuka kwenye gari pale stendi, tunaitikia kama wengine: ndiyo bwana, iko kwenye damu.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Somo la biolojia ya juu linatakiwa kupimwa kwa swali hili: je, aliyelisoma anaweza kumweleza shangazi yake, kwa Kiswahili, ni kitu gani kiko kwenye damu na kipi hakiko? Kama hawezi, hata akiwa na A, hajafundishwa. Na nawaandikia hasa wenzangu wa ualimu, kwa sababu kosa hili likiendelea miaka ishirini ijayo litakuwa la kwetu.

Tuchukue mifano minne, yote ya palepale.

Tuanze na meno, kwa sababu ndiyo mfano mwepesi. Watu wengi waliokulia Arusha, Meru na sehemu za Kilimanjaro wana meno yenye madoa ya kahawia, na kila mtu anajua utani unaoendana nayo. Sababu ni floraidi. Miamba ya volkano ina madini haya, maji yanapita humo, yanayabeba. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na vyanzo vingi vya upande wa Meru vinapita kiwango hicho mara kadhaa. Kuna njia nyingine pia, ambayo haipiti bombani: magadi. Yale magadi tunayotia kwenye makande ili maharage yaive haraka nayo yana floraidi, ndiyo maana hata vijiji vya juu mlimani vyenye maji safi vina watoto wenye meno hayo.

Sasa angalia biolojia yake. Tabaka gumu la nje la meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya fizi kuanzia utotoni hadi karibu umri wa miaka minane. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, tabaka linajengeka vibaya, na jino linatoka likiwa tayari lina doa. Jino likishatoka, maji hayawezi tena kulitia doa la aina hiyo. Kwa hiyo utakuta familia ambayo kaka mkubwa alikulia Usa River ana meno ya kahawia, familia ikahamia Dar es Salaam, mdogo wake akazaliwa huko na meno meupe kabisa. Baba mmoja, mama mmoja, maji mawili. Kitabuni tuliandikiwa kwamba fenotaipu ni matokeo ya jenotaipu na mazingira, tukakariri, tukaandika kwenye mtihani. Mfano tuliopewa, kama ulikuwepo, ulikuwa wa sungura wa nchi za baridi anayebadilika rangi ya manyoya. Wakati huohuo, nusu ya darasa ilikuwa inaziba mdomo kwa mkono ikicheka.

Tofauti ya maelezo haya mawili si ndogo. Ukiamini ni ukoo, hakuna cha kufanya, unabaki kuvumilia utani. Ukijua ni maji na magadi, unauliza: huyu mtoto wa miaka mitatu anakunywa maji ya wapi? Unaweza kumtengea maji ya mvua au ya chanzo kingine. Unaweza kupunguza magadi. Na unajua pia kwamba kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki kwenye sufuria. Hayo yote ni ujuzi wa Kidato cha Sita, hauhitaji maabara.

Mfano wa pili ni mlima. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Watu husema kule juu oksijeni imepungua, na wengi wetu tunaitikia. Ukweli ni kwamba sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile, karibu asilimia 21, iwe Tanga au kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yote. Kule juu ni kama nusu ya ule wa pwani. Oksijeni huingia kwenye damu kwa kusukumwa na mgandamizo wake. Msukumo ukipungua nusu, kinachoingia kinapungua, hata kama unavuta pumzi ileile.

Mwili haukai kimya. Kwanza unapumua haraka, moyo unaongeza mapigo. Figo zinatoa nje baikaboneti ili kupumua huko kwa haraka kusiharibu uwiano wa damu. Halafu figo hizohizo, zikihisi oksijeni ni kidogo, zinamwaga homoni ya erithropoietini, na uboho wa mifupa unaanza kutengeneza chembe nyekundu zaidi. Hili la mwisho linachukua siku nyingi, hata wiki. Ndiyo sababu ya "pole pole" ya waongozaji. Ndiyo sababu pia njia ya Machame inampandisha mtu mpaka Lava Tower, kama mita 4,600, halafu inamshusha kulala Barranco, kama mita 3,900. Panda juu, lala chini: hiyo ni fiziolojia iliyogeuzwa kuwa ratiba ya safari.

Sasa rudi kwa yule kijana mwenye "damu ya mlima". Vijiji vyetu, hata vya juu kabisa, viko chini ya mita 2,000. Huko hewa haijapungua kiasi cha kuutesa mwili. Kuna watu duniani ambao kweli wamerithi uwezo wa kuishi juu sana: Watibeti wana aina ya jeni ya EPAS1 inayowasaidia, na wataalamu waliitambua mwaka 2010. Lakini hao wameishi kwa maelfu ya miaka kwenye mita 4,000. Mpagazi wa kutoka Masama ana kitu kingine: amepanda wiki iliyopita na wiki ya kabla yake, kwa hiyo mwili wake umeshazoea. Akikaa chini miezi minne, chembe zile za ziada zinakufa kwa umri wake wa kawaida, maana chembe nyekundu huishi kama siku 120, na anarudi kuwa kama wewe na mimi.

Hapa napo maneno yanaweza kuua. Kijana akishaambiwa ana damu ya mlima, anaona aibu kusema kichwa kinamuuma. Ana mzigo wa kilo 20 kichwani, koti jepesi, na sifa ya ukoo wa kulinda. Mgeni anaulizwa kila jioni kama ana kichefuchefu. Kijana wetu anadhaniwa hawezi kuwa nacho. Maji yakijaa kwenye mapafu au ubongo ukivimba, mlima hauulizi jina la ukoo. Na wengi wa vijana hao ni wenzetu, wengine wanapanda likizo ili wasogeze siku mpaka boom liingie.

Mfano wa tatu ndio ulionifanya nishike kalamu. Selimundu, ambayo mtaani tunaiita siko seli.

Huku neno "damu" linatumika kwa haki kabisa: ugonjwa uko kwenye damu na unarithiwa. Lakini unarithiwaje? Hapo ndipo stendi inakosea na ndipo somo letu lina jibu safi kuliko mahali pengine popote. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Katika mnyororo wake wa beta, kwenye nafasi ya sita, herufi moja ya vinasaba ikibadilika, asidi amino ya glutamiki inaondoka na valini inakaa mahali pake. Hilo tu. Himoglobini ya namna hii ikishaachia oksijeni, molekuli zinashikana, zinakuwa nyuzi ngumu, na chembe inajikunja kama mundu. Chembe zilizojikunja zinaziba mishipa midogo, hapo ndipo maumivu yanapotoka, na zinakufa mapema, hapo ndipo upungufu wa damu unapotoka. Ona kwamba hapa fiziolojia na jenetiki, ambazo kwenye madaftari yetu zilikuwa mada mbili zisizosalimiana, zinakutana ndani ya chembe moja. Oksijeni iliyomsumbua mpagazi kule juu ndiyo hiyohiyo inayoamua lini chembe ya mtoto huyu ijikunje.

Ili mtoto awe na SS lazima apate nakala moja ya jeni kwa mama na nakala moja kwa baba. Mama peke yake hawezi kumpa SS hata kama angetaka. Ukoo unaomnyooshea mama kidole umechangia nusu kamili ya jambo lenyewe, kupitia kwa kijana wao. Tulilichora hili mara mia: AS kwa AS, miraba minne, mmoja SS, miwili AS, mmoja AA. Nikiwa TP kuna mwanafunzi wa Kidato cha Sita aliuchora mchoro huo vizuri kuliko ulivyo kitabuni, akapata alama zote. Baada ya kipindi akanifuata pembeni akauliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli siko seli inafuata upande wa mama. Hakuona kabisa kwamba swali lake lilikuwa limejibiwa na mkono wake mwenyewe dakika kumi zilizopita. Mchoro ulikuwa wa mtihani. Swali lilikuwa la nyumbani. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha kwamba ni kitu kimoja.

Hata ile robo yenyewe tunaifundisha nusunusu. Watu wakisikia "mmoja kati ya wanne" wanahesabu: huyu wa kwanza ameshaumwa, watatu wanaofuata wako salama. La hasha. Kila mimba inaanza upya, kama kurusha sarafu ambayo haikumbuki ilivyoangukia jana. Piga hesabu: wazazi wawili wa AS wakipata watoto wanne, uwezekano wa kutokuwa na hata mmoja mwenye SS ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, yaani karibu asilimia 32. Kwa hiyo familia moja ina watoto wanne wazima, nyingine ina wawili wagonjwa, na wazazi wote wana damu ya aina moja. Yule mwenye wawili hajalogwa wala hana laana.

Na kwa nini jeni hii ipo kwa wingi kwetu? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na wakati huo akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Oxford, alipima damu za jamii mbalimbali za Kenya. Akaona jeni hii ni ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni adimu nyanda za juu. Akajiuliza ni nini kilichopo pwani na ziwani na hakipo juu. Jibu lilikuwa malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye AS, nakala moja tu, anakingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Mwanafunzi kama sisi, swali la hapahapa Afrika Mashariki, na leo ni mfano unaofundishwa dunia nzima wa jinsi uteuzi asilia unavyofanya kazi kwa binadamu. Maana yake kwa mtu wa Kwa Sadala ni hii: jeni ya selimundu ni alama ya mababu walioponea malaria. Hakuna ukoo wa kuaibishwa nayo. Na kwa kuwa njiapanda kama ile imekusanya watu wa kila pande, wa mlimani, wa ziwani na wa pwani, na wanaoana, hakuna anayeweza kusema "sisi wa huku juu haituhusu".

Makadirio yanayotajwa na wataalamu ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Nchi hii ina wataalamu wanaojulikana duniani katika jambo hili. Profesa Julie Makani wa Muhimbili alipata tuzo ya Royal Society mwaka 2011 kwa kazi yake ya selimundu. Kipimo kipo, dawa ya haidroksiyurea ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja kwenye familia wa kusema "twende wote wawili tukapime" kabla ndoa haijavunjika. Mtu huyo alipaswa kuwa yule binamu aliyesoma PCB.

Mfano wa nne unakamilisha somo, maana ni sheria ileile ya Mendel ikitembea shambani. Arabika ya Kilimanjaro imeteswa na magonjwa mawili: chulebuni, inayooza tunda likiwa bado bichi, na kutu ya majani. Arabika ni mmea wa ajabu kidogo. Ina kromosomu 44 ilhali ndugu zake wana 22, kwa sababu ilizaliwa kwa kuchanganyika kwa aina mbili, robusta na ile iitwayo eugenioides inayoota porini Afrika Mashariki. Tena inajichavusha yenyewe, kwa hiyo shamba zima linakuwa kama ndugu wa damu moja, na ugonjwa ukipata njia ya kumwingia mmoja umewapata wote. Watafiti wa TaCRI pale Lyamungo, si mbali na Kwa Sadala, kwenye kituo kilichoanzishwa tangu 1934, walizalisha chotara zenye ukinzani kwa magonjwa yote mawili, wakitumia pia mizizi ya nje kama kahawa ya Timor, ambayo ni mchanganyiko wa asili wa arabika na robusta.

Mkulima akipewa mche wa chotara anaona maajabu: hapigi dawa kama zamani na mti unazaa. Akifurahi, anaokota mbegu zilizoanguka chini ya mti ule, anaotesha, anapanda robo eka. Baada ya miaka mitatu miti mingine inaugua, mingine haiugui, mingine mifupi, mingine mirefu. Hitimisho lake: mbegu za kisasa zinachoka. Lakini chotara ni kama yule mzazi wa AS, ana nakala mbili zisizofanana, na anapozaa zinaachana. Watoto wanatoka mchanganyiko. Ndiyo sababu kituo huzalisha miche kwa kukata vipande vya mti wenyewe na kuviotesha, ili mtoto awe nakala kamili ya mama. Mkulima hakutapeliwa na mtu. Alikosa sentensi moja ya jenetiki, na mwanae aliyekuwa Kidato cha Sita mwaka huohuo alikuwa nayo kwenye daftari, ikiwa imeandikwa kuhusu njegere.

Sina ugomvi na njegere. Mendel alizihesabu kwa uangalifu na kuchapisha mwaka 1866, na heshima yake ipo. Ugomvi wangu ni kuishia hapo.

Najua majibu mtakayonipa, maana tumeshabishana kantini. La kwanza: mtihani unatungwa kwa Kiingereza, mwalimu akianza kueleza kwa Kiswahili anawapoteza watoto. Mimi naona kinyume chake. Chukua neno "selimundu" lenyewe. Mtoto wa hapa anajua mundu, kamwona bibi akikatia majani ya ng'ombe. Neno limeshamaliza nusu ya maelezo. Kwa Kiingereza anakariri jina la zana asiyoijua ili aeleze umbo asiloliona. Mwache kwanza aelewe kwa lugha anayoiotea ndoto, kisha mpe neno la mtihani, litashika. Aliyekariri tu ndiye anayepotea swali likigeuzwa kidogo, na sisi wenyewe tunakumbuka karatasi zilizotupa sapu kwa sababu hiyo.

La pili: muda hautoshi, darasa lina watoto themanini, na mtaala ni mrefu. Ni kweli. Lakini sisemi tuongeze mada, nasema tubadilishe mfano. Dakika zilezile tano za sungura wa theluji zinatosha kwa meno ya ndugu wawili. Na mtaala wetu tangu 2005 unadai ujuzi badala ya kukariri. Kinachodai kukariri ni mazoea yetu na madesa tunayorithishana.

La tatu ndilo zito, na walioniletea hawakukosea: mifano ya nyumbani inaumiza. Mwalimu akisema kila mtoto akaulize makundi ya damu ya wazazi wake, kuna nyumba itakayowaka moto usiku huo. Hata vitu vinavyoonekana vya mchezo vina hatari. Vitabu vingi vinadai kukunja ulimi ni jeni moja tu, wakati tangu miaka ya 1950 ilishaonekana kwamba mapacha wa kufanana wanaweza kutofautiana kwa hilo. Mtoto anayekunja ulimi na wazazi wake hawakunji anaweza kwenda nyumbani na shaka isiyo na msingi wowote. Na tukifundisha selimundu vibaya, tutazalisha watu wanaomkataa mchumba kwa sababu ana AS, wakati AS si ugonjwa.

Kwa hiyo naweka sharti: mfano utoke kijijini, usitoke kwenye familia ya mtoto aliyeketi mbele yako. Tumia familia ya kubuni yenye majina ya kawaida. Tumia mkahawa, ndizi, ng'ombe. Usimwulize mtu hadharani habari za wazazi wake. Na kila unapofundisha robo, fundisha siku hiyohiyo kwamba hailaumu mtu. Hofu ya kuumiza ni sababu ya kufundisha kwa uangalifu, maana tukinyamaza stendi itafundisha badala yetu, na stendi haina uangalifu hata kidogo.

Kuna wanaosema pia kwamba haya ni ya daktari. Daktari anakutana na mtoto wa selimundu akiwa ameshalia usiku kucha. Mwalimu anakutana na baba na mama wa mtoto huyo wakiwa na miaka kumi na saba, wamekaa madawati tofauti, bado hawajui kama wataoana. Nani ana nafasi nzuri zaidi?

Nina mapendekezo mawili, na hayahitaji bajeti. Kwanza, katika masomo yetu ya majaribio tunayofundishana kabla ya TP, kila anayechukua biolojia apangiwe kipindi kimoja cha kueleza dhana ya Kidato cha Sita kwa Kiswahili mbele ya wenzetu wa historia na Kiswahili. Wao wawe watahini. Wakielewa, umefaulu, wakibaki wanakodoa macho, rudia wiki ijayo. Pili, tukifika vituo vya TP, wiki ya kwanza kila mmoja akusanye maneno ya stendi ya mahali alipo: watu wa hapa wanasema nini kuhusu magonjwa, mbegu, mifugo, watoto? Kila neno lina mada yake kwenye muhtasari wa somo, tafuta ni ipi.

Mimi nimeshaanza na ya Kwa Sadala. Mtu akiniambia iko kwenye damu, simkatalii. Namwuliza kimoja kati ya vinne. Ulikunywa maji gani ukiwa mdogo? Mara ya mwisho ulilala mita ngapi? Baba naye amepimwa? Huu mche umetoka kwenye mbegu au kwenye tawi? Mara nyingi gari linakuja kabla hatujamaliza, lakini swali linakuwa limeshapanda naye.